Mashine ya benki husikia: jinsi ya kukagua chapa ya wino wa sumaku kwenye hundi

Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja mstaafu alikuja ofisini kwetu na hundi ya gawio mkononi. Alikuwa ameipeleka benki, ikakaa, kisha ikarudi. Karani akamwambia mashine imeikataa. Niliigeuza mbele na nyuma chini ya taa. Chapa ilikuwa safi, namba za chini nyeusi tii, hakuna doa. Nilikuwa nimeshakaa kwenye uchapaji muda mrefu, na kwa macho yangu hundi ile haikuwa na kasoro yoyote. Tulipoipitisha kwenye kipimo cha sumaku tukakuta namba zote za mstari wa chini ziko karibu bubu. Zamu ya usiku ilikuwa imebadilisha katriji kazi ikiwa katikati, ikaweka tona ya kawaida mahali pa tona ya sumaku. Sampuli zote tulizokuwa tumepima zilitoka mwanzoni mwa kazi.

Mzee yule alisubiri fedha zake wiki nyingine mbili kwa sababu yetu. Utaratibu ninaoueleza hapa ulianzia siku hiyo. Utamfaa mpiga chapa, mhasibu anayechapa hundi za kampuni kwa printa ya ofisini, na mtu wa benki anayepokea vitabu vya hundi kutoka kwa mchapaji.

Kwanza elewa mashine inafanya nini

Mstari wa namba ulio chini ya hundi unaitwa MICR, kifupi cha Kiingereza cha utambuzi wa herufi za wino wa sumaku. Watu wa benki hutamka "maika". Maumbo yanayotumika kwenye hundi za Kenya, Tanzania na Uganda ni ya aina ya E-13B: tarakimu kumi, 0 hadi 9, pamoja na alama nne za kutenga sehemu moja na nyingine. Chimbuko lake ni Marekani miaka ya 1950, pale Stanford Research Institute ilipokuwa ikiibunia Bank of America mashine ya kushughulikia hundi. Hiyo 13 katika jina ni kipimo: herufi zote, yaani tarakimu na alama hizo, zimejengwa juu ya vyumba vya inchi 0.013, yaani milimita 0.33. Ufaransa hutumia aina nyingine, CMC-7, ambayo kila herufi yake imekatwa katika vijiti saba vya wima. Ukikutana na vijiti hivyo, geji na vipimo ninavyovitaja hapa havihusiki.

Hundi inapoingia kwenye mashine, ukingo wake wa kulia ndio unaotangulia. Inapita kwanza mbele ya sumaku inayoamsha madini ya chuma yaliyomo kwenye wino, halafu inapita mbele ya kichwa cha kusomea. Wino unapoongezeka mbele ya kichwa hicho, mpigo wa umeme hupanda. Unapopungua, mpigo hushuka. Kila herufi imechorwa kwa namna ambayo mdundo wake haufanani na wa nyingine. Kwa hiyo 3 na 8 zinaweza kufanana kwa jicho lako, lakini midundo yao iko mbali. Mashine husikiliza mdundo.

Mambo mawili yanafuata. Kingo za wima za herufi ndizo zenye uzito mkubwa kuliko kitu kingine chochote, maana ndizo zinazozaa mipigo. Pili, kwa kuwa mashine yenyewe huupa wino sumaku upya kila inaposoma, hundi haiharibiki kwa kulazwa karibu na simu au spika. Nimeulizwa swali hilo mara nyingi, na wapo wanaolitumia kama kisingizio cha chapa mbovu. Usilikubali.

Baadhi ya watu hudhani mambo haya yamepitwa na wakati kwa kuwa sasa benki hubadilishana picha za hundi. Kenya ilianza kufanya hivyo mwaka 2011. Karatasi hubaki kwenye benki iliyoipokea, na picha pamoja na namba zilizosomwa ndizo zinazosafiri. Lakini namba hizo lazima zisomwe mahali fulani, na sasa zinasomwa pale pa kwanza. Zikisomwa vibaya hapo, kosa ndilo linalosafiri. Tena sumaku inasaidia kumkamata mghushi: hundi iliyotolewa nakala kwa mashine ya rangi itapendeza kwa macho, ila mstari wake wa chini hautatoa mdundo unaotakiwa.

Vifaa

Unahitaji lenzi ya kukuzia mara kumi au zaidi, yenye mizani midogo ya vipimo iliyochorwa ndani ya kioo. Unahitaji geji ya MICR, ile plastiki angavu yenye mistari inayolazwa juu ya hundi kuonyesha namba zinapaswa kukaa wapi. Unahitaji selotepu, kipande cha pamba, na taa unayoweza kuiinamisha. Na unahitaji kipimo chenyewe cha sumaku, pamoja na kadi yake ya rejea ya kukisawazishia.

Kipimo hicho ni ghali, na ofisi ndogo haiwezi kukinunua kwa ajili ya hundi mia mbili kwa mwezi. Si lazima ukinunue. Peleka sampuli kwa benki yako au kwa mchapaji anayekimiliki kabla hujaanza kutoa hundi, na kila unapobadilisha printa, aina ya tona au aina ya karatasi. Jambo moja usilifanye: usichukue kisomeo cha hundi cha kaunta, ukaona kimesoma vizuri, ukasema kazi imekwisha. Kisomeo hutengenezwa kivumilie mengi. Kinaweza kusoma hundi iliyo ukingoni kabisa mwa kukataliwa, na kisomeo cha benki nyingine, chenye kichwa kilichochakaa, kikaikataa. Kisomeo kitakujibu ndiyo au hapana. Kipimo kitakuambia umebakiza kiasi gani.

Vipimo ninavyovitaja ni vya kiwango cha Marekani nilichojifunzia. Benki yako ikikupa maelezo yake, fuata ya benki.

Hatua ya kwanza: soma namba zenyewe

Inaonekana jambo dogo, lakini makosa ya gharama kubwa hutokea hapa. Linganisha namba ya hundi iliyo juu na ile iliyo kwenye mstari wa chini. Linganisha namba ya benki na tawi, na namba ya akaunti, na barua ya benki iliyotumwa na mteja. Usilinganishe na faili lililo kwenye kompyuta, maana kosa linaweza kuwa ndani ya faili hilo. Mmoja asome kwa sauti, mwingine afuate kwa kidole. Fanya hivyo kwa hundi ya kwanza na ya mwisho ya kila kitabu.

Hatua ya pili: mahali

Kaa na hundi iliyokwisha kukatwa. Ninasisitiza iliyokatwa, kwa sababu vipimo vyote vya mahali hupimwa kutoka ukingo wa chini na ukingo wa kulia, na vyote viwili huzaliwa na gilotini. Mstari unaweza kukaa barabara kwenye karatasi kubwa, kisha gilotini ikila milimita mbili zaidi, hundi zote zikaharibika. Vilevile ukingo uliochanwa kwenye vitundu vya kitabu huwa na nywele nywele. Uchane kama mteja atakavyouchana, halafu upime.

Ukanda wa chini wenye kimo cha milimita 15.9, kutoka ukingo mmoja wa hundi hadi mwingine, ni wa mstari huu peke yake. Kusiwe na wino mwingine wowote wa sumaku ndani yake. Ndani ya ukanda huo herufi zenyewe zikae kati ya milimita 4.8 na 11.1 kutoka ukingo wa chini. Laza geji, sawazisha kona ya chini kulia, kisha angalia kama kila herufi imo ndani.

Pima ncha zote mbili za mstari. Mwinamo unaoruhusiwa ni nyuzi 1.5, lakini usijidanganye na ruhusa hiyo: kwenye mstari wa milimita 150, mwinamo huo unainua ncha moja karibu milimita nne, na nafasi iliyobaki juu na chini ya herufi ndani ya kile kipande ni milimita 3.4 tu. Hundi itatoka nje ya mahali pake kabla haijavunja kanuni ya mwinamo.

Saini zinazoteremka hadi kwenye namba ni ugonjwa wa kila siku. Wino wa kalamu ya kawaida hauna sumaku, kwa hiyo hautasumbua mdundo, ila utaichafua picha ambayo kompyuta huitumia kuhakiki namba. Kama unabuni hundi mwenyewe, inua mstari wa saini.

Hatua ya tatu: nafasi kati ya herufi

Kutoka ukingo wa kulia wa herufi moja hadi ukingo wa kulia wa inayofuata ni milimita 3.175, ikiruhusiwa kuzidi au kupungua milimita 0.25. Herufi nane kwa inchi moja. Hapa macho yatakudanganya, kwa sababu 1 na 2 ni nyembamba na 0 ni pana, hivyo nyeupe iliyo kati yao hailingani. Wapo mafundi wapya waliotaka "kuzisogeza zipendeze". Zisisogezwe. Weka mizani ya lenzi kwenye kingo za kulia tu, na uisahau nyeupe. Kupanda na kushuka kati ya herufi mbili zinazopakana kusizidi milimita 0.18.

Kwa wanaochapa kwa printa ya ofisini, adui mkubwa ni ile chaguo ya kompyuta inayopunguza ukurasa ili utoshe kwenye karatasi. Tuseme imepunguza hadi asilimia 97. Kila nafasi inakuwa milimita 3.08 badala ya 3.175, tofauti ambayo geji ya herufi mbili haitaikamata. Lakini ukifika herufi ya 30 umepotea karibu milimita tatu. Kwa hiyo usipime herufi mbili mbili peke yake. Pima pia mstari mzima. Na kabla ya kuchapa hakikisha ukubwa umewekwa asilimia 100.

Fonti nayo ina siri yake. Printa ya nukta 600 kwa inchi hupata nukta 75 kamili kwa kila nafasi. Printa ya nukta 300 inapaswa kupata 37.5, na nusu nukta haipo, kwa hiyo nafasi moja itakuwa 37 na ya pili 38. Bado inaruhusiwa, lakini umeshakula sehemu ya tofauti unayoruhusiwa kabla karatasi haijateleza. Fonti ya bure iliyochukuliwa mtandaoni mara nyingi imechorwa ifanane tu na E-13B. Nunua iliyotengenezwa kwa ajili ya printa yako.

Hatua ya nne: lenzi

Inamisha taa itupe mwanga kutoka upande, kisha anza kulia uelekee kushoto, kama mashine. Macho yaliyozoea kusoma huruka makosa; ukienda kinyume na usomaji huoni neno wala namba, unaona maumbo. Kwa mtu mpya, naona hili ndilo zoezi lenye faida kuliko yote.

Tafuta kwanza matundu meupe ndani ya weusi. Tundu lisizidi milimita 0.20 kwa 0.20, pale herufi ilipo nene linaweza kufika 0.25. Tundu lililo katikati ya kiungo kinene halinitishi sana. Lililokula ukingo wa wima hunifanya nisimamishe kazi hata kama ni dogo, kwa sababu hapo ndipo mpigo unapozaliwa. Kingo zenyewe ziwe zimenyooka: vilima na mabonde visizidi milimita 0.09 kutoka pale ukingo unapotakiwa kuwa.

Kisha tafuta wino uliopotea njia. Vumbi la tona lisilozidi milimita 0.08 linavumilika. Doa linalofika 0.10 lisizidi moja kwenye eneo la herufi moja, wala matano kwenye sehemu nzima ya namba. Doa lililo upande wa kulia wa herufi ni baya zaidi, maana mashine hukutana nalo kwanza na inaweza kudhani herufi imeanza. Geuza hundi uangalie nyuma pia. Karatasi zikirundikwa wino haujakauka, mstari wa hundi ya chini hujichapa mgongoni mwa ile ya juu, na sumaku haijali iko upande gani.

Kwa chapa ya magurudumu ya namba au ya enkoda ya benki (mashine inayopiga namba kwenye hundi), pitisha kidole nyuma. Ukisikia herufi zimebonyea, shinikizo ni kubwa mno. Kinachoruhusiwa ni milimita 0.025, karibu na kutosikika kabisa. Herufi iliyobonyea haigusani vizuri na kichwa cha kusomea.

Hatua ya tano: nguvu ya sumaku

Sawazisha kipimo kwa kadi ya rejea kila asubuhi na kila baada ya kuhama mahali. Kadi hiyo huchakaa kwa kupitishwa. Ishike pembeni, itunze kwenye bahasha yake, na usiitumie kufundishia.

Nguvu inayokubalika ni kati ya asilimia 50 na 200 ya ile ya kawaida. Ikiwa chini ya hapo mashine haisikii. Ikizidi, mipigo inavimba na kuharibu umbo la mdundo. Mimi sikubali kazi mpya inayosoma chini ya 80, kwa kuwa hundi itashikwa, itakunjwa, itatolewa jasho mfukoni, na kila kupita kwenye mashine kunaikwangua. Pitisha kila sampuli mara tatu. Andika herufi iliyo dhaifu kuliko zote na iliyo kali kuliko zote. Wastani usikutosheleze: mstari wenye wastani wa 110 unaweza kuwa na tarakimu moja ya 45, na hiyo moja inatosha kuirudisha hundi.

Jaribio la kuleta sumaku ndogo uone kama wino unavutwa halina maana. Tona ya kawaida ya printa nyingi ina chuma ndani yake, kwa hiyo inaweza kuitikia sumaku. Inachokosa ni uwezo wa kuishika sumaku baada ya kupewa. Ndiyo maana namba za katriji ile ya zamu ya usiku zilikuwa karibu bubu kwenye kipimo.

Hatua ya sita: je, wino umeshika?

Bandika selotepu juu ya mstari, ikandamize kwa kidole gumba, ivute polepole. Vumbi jepesi ni kawaida. Umbo la herufi likionekana kwenye selotepu, tona haijaiva. Sugua pamba kavu mara kumi. Kunja hundi juu ya namba, ifungue, itazame kwa lenzi kama wino umebanduka kwenye mkunjo.

Sisi tulio karibu na bahari tunapaswa kulichukulia hili kwa uzito. Karatasi iliyofunguliwa Dar es Salaam au Mombasa wakati wa masika hunywa unyevu, hujikunja kwenye printa, na joto la fyuza, sehemu ya printa inayoyeyusha tona ishike karatasi, huishia kukausha maji badala ya kuivisha tona. Karatasi ikae chumba kimoja na printa siku nzima ikiwa bado ndani ya kifungashio chake, na iliyobaki ifungwe usiku. Tumia karatasi laini ya hundi yenye gramu 90 hivi kwa mita ya mraba. Karatasi yenye uso mbaya huinua wino usigusane na kichwa.

Sampuli: lini na ngapi

Ninachukua hundi mwanzoni, mwishoni, na moja kwa kila 250 katikati. Zaidi ya hapo, kila mashine inaposimama, kwa sababu yoyote ile, hundi ya kwanza baada ya kusimama inapimwa. Katriji mpya, bunda jipya la karatasi, karatasi iliyokwama, umeme uliokatika, zamu iliyobadilika: kila kimoja kinahesabiwa kama mwanzo wa kazi mpya. Katriji za sumaku ziwekwe kabati lake lenye kufuli, na namba ya katriji iandikwe kwenye daftari kabla haijaingia kwenye printa.

Sampuli ikifeli

Angalia kama kosa linajirudia. Likirudi kwenye tarakimu ileile mahali palepale, gurudumu la namba limechakaa. Likirudi kila baada ya umbali uleule kwenye karatasi, pima umbali huo: utalingana na mzunguko wa dramu au rola fulani, nawe utajua pa kusafisha. Nguvu ikishuka polepole kuelekea mwisho wa katriji, tona inakwisha. Usiitikise ili upate kurasa hamsini zaidi, na hakikisha hali ya kubana matumizi ya tona imezimwa. Nguvu ikitofautiana kati ya ncha ya kulia na ya kushoto, tona haijasambaa sawa ndani ya katriji. Kwa chapa ya ofseti, koroga wino kabla na wakati wa kazi, kwa sababu chuma ni kizito na hutuama chini, kisha punguza maji ya bamba. Enkoda yenye utepe ikiacha matundu, utepe umepita mara mbili mahali pamoja.

Kisha rudi nyuma. Toa hundi zote zilizochapwa tangu sampuli ya mwisho iliyofaulu, hata kama zinaonekana nzuri, na uzipime moja moja au uzifute. Hundi ni hati ya thamani, hivyo zile mbovu hazitupwi kapuni: kata sehemu ya namba na sehemu ya saini, orodhesha namba zake, watu wawili watie saini, ndipo ziharibiwe. Kuchapa upya hundi yenye namba ileile kufanywe kwa idhini ya maandishi tu.

Kwenye daftari weka tarehe, namba ya kwanza na ya mwisho ya hundi, namba ya katriji, jina la aliyepima, usomaji wa chini kabisa na wa juu kabisa wa kila sampuli, na saa kila ilipochukuliwa. Sampuli zenyewe zitobolewe kwenye saini na zihifadhiwe pamoja na ukurasa huo. Siku mteja atakaporudi na hundi iliyokataliwa, fungua daftari kwenye namba yake, utoe sampuli zilizochapwa kabla na baada yake, uzipime zote tatu mbele yake.